Nani Anakaa Upande wa Mbele: Taswira za Sarafu za Roma na Bizanti

Sarafu ya Kirumi ilizaliwa kwa pigo la nyundo. Kipande cha mviringo cha dhahabu, fedha au shaba kilipashwa moto, kikalazwa juu ya muhuri wa metali ngumu uliokazwa kwenye fuawe, kisha fundi akaweka muhuri wa pili juu yake na kuugonga, hata metali ikabanwa katikati na kupokea sura mbili kwa wakati mmoja. Njia hiyo haikubadilika sana tangu Roma ilipokuwa jamhuri ya Italia hadi siku za mwisho za Konstantinopoli, mji ambao Kaisari Constantine aliuzindua mwaka 330 kuwa makao mapya ya utawala, na ambao dola yake, iliyodumu hadi mwaka 1453, wanahistoria huiita Bizanti ingawa raia wake walijiita Warumi mpaka mwisho. Kilichobadilika katika karne hizo zote ni sura zenyewe, na pengine zaidi ya sura ni nafasi zilizopewa, kwa kuwa pande mbili za sarafu hazikuwa na heshima sawa. Upande wa mbele ulikuwa wa yule ambaye kwa jina lake fedha iliaminiwa, na upande wa nyuma ulikuwa wa habari, dua, majigambo na ahadi. Anayetaka kujua Warumi waliamini kwamba mamlaka hutoka wapi anaweza kuanza kwa kuuliza ni nani aliyekaa mbele katika kila zama, na ni nani aliyehamishiwa nyuma.

Mwanzoni nafasi hiyo haikuwa ya mtu aliye hai. Dinari ya fedha, iliyoanzishwa karibu na mwaka 211 kabla ya Kristo, wakati Roma ikipigana na Hannibal wa Karthago, ilikuwa na kichwa cha Roma, mungu wa kike aliyewakilisha mji wenyewe, akiwa amevaa kofia ya vita yenye mabawa, na nyuma yake walionekana pacha Castor na Pollux wakiwa juu ya farasi, kwa sababu Warumi waliamini kuwa pacha hao waliwahi kuwasaidia vitani. Alama ya X iliyochorwa nyuma ya kichwa ilimwambia mpokeaji kwamba sarafu hiyo ilikuwa na thamani ya vipande kumi vya shaba. Kazi ya kusimamia ufuaji wa sarafu ilipewa maafisa vijana watatu waliobadilishwa kila mwaka, na polepole vijana hao waligundua kwamba eneo lenye upana wa milimita ishirini hivi, likizungushwa kwa maelfu sokoni, lilikuwa njia nzuri ya kuwatangaza wazee wao. Basi nyuma ya dinari zikaanza kuonekana nguzo zilizojengwa na babu fulani, au vita alivyoshinda babu mwingine, na kijana mwenye tamaa ya cheo akawa anajitangaza bila kuonyesha uso wake mwenyewe.

Mwiko huo ulivunjwa mwaka 44 kabla ya Kristo, pale Julius Caesar alipopewa na Seneti, baraza la wazee wa Roma, haki ya kuwekwa sura yake kwenye sarafu za mji akiwa bado hai. Kwa Warumi wengi uso wa mtu aliye hai juu ya fedha ulikuwa desturi ya wafalme wa Mashariki, na mfalme ni neno lililochukiwa Roma kwa karne nyingi. Caesar aliuawa mwezi Machi mwaka huohuo. Jambo la kushangaza ni kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua kwa madai ya kuokoa uhuru wa jamhuri, alipohitaji fedha za kuwalipa askari wake miaka miwili baadaye, aliweka uso wake mwenyewe upande wa mbele. Nyuma yake paliwekwa majambia mawili na katikati yake kofia, na chini maandishi ya Kilatini yaliyofupishwa yanayotaja tarehe ya mauaji. Kofia hiyo ilikuwa ile aliyovishwa mtumwa siku ya kuachwa huru, kwa hiyo picha nzima ilisomeka bila shida hata kwa asiyejua kusoma: kwa silaha hizi, siku ile, Roma ilitolewa utumwani. Hakuna sarafu nyingine ya kale iliyosema mengi kiasi hicho kwa vitu vitatu tu, na hakuna iliyojipinga wazi namna hiyo, kwa sababu upande wa nyuma ulisifu kuuawa kwa mtawala wa peke yake huku upande wa mbele ukiwa tayari umechukua desturi yake.

Augustus, aliyeibuka mshindi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hakuwa na sababu ya kuona haya tena. Tangu zama zake upande wa mbele ukawa wa Kaisari, au wa mtu wa nyumba yake, na ukabaki hivyo kwa karne saba. Baada ya kuishinda Misri ya Cleopatra alitoa sarafu yenye mamba peke yake na maneno yaliyosema kwamba Misri imetekwa, na mamba yule, mnyama wa Mto Nile, alitosha kuwakilisha nchi nzima. Nguvu ya uso wa Kaisari inaonekana vizuri katika kisa cha Injili kinachojulikana na Wakristo wengi, ambapo Yesu anaulizwa kuhusu kodi, naye anaomba aonyeshwe dinari na kuuliza sura na maandishi yaliyomo ni ya nani. Wataalamu wengi huihusisha na dinari ya Tiberius, ambayo ina kichwa cha Kaisari huyo mbele, na nyuma mwanamke ameketi akiwa na tawi mkononi. Maandishi yaliyozunguka kichwa yalimwita Tiberius mwana wa Augustus aliyefanywa mungu, jambo linaloeleza kwa nini kipande hicho kilikuwa kigumu kushikika kwa Myahudi mcha Mungu, hata kabla ya suala la kodi kuingia.

Upande wa nyuma ndiko ufundi wa alama ulikokomaa. Warumi walikuwa na mazoea ya kuipa sifa isiyoonekana umbo la mtu, kwa kawaida mwanamke, na kumtambulisha kwa kitu alichoshika, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo mno kwa maelezo. Amani, yaani Pax, alibeba tawi la mzeituni. Uadilifu wa biashara, Aequitas, alishika mizani, na mkono wa pili ukishika pembe ya mnyama iliyojaa matunda, ishara ya neema inayofurika. Afya na usalama wa dola viliwakilishwa na Salus akimlisha nyoka, kwani nyoka alikuwa mnyama wa mungu wa uganga. Bahati, Fortuna, alikuwa na usukani wa merikebu, na msafiri yeyote wa baharini angeelewa kwa nini. Tumaini aliinua pindo la vazi lake kidogo, kama anayejiandaa kutembea, huku akishika ua lisilochanua bado. Ukarimu wa Kaisari ulipata mwanamke mwenye kibao cha kuhesabia fedha, taswira ya kiofisi kidogo lakini yenye kueleweka kwa aliyekuwa akisubiri mgawo.

Miongoni mwa wanawake hao wote, aliyestahili kuangaliwa kwa makini ni Annona, aliyewakilisha ugavi wa nafaka kwa mji wa Roma. Alionyeshwa akiwa na masuke ya ngano na pishi ya kupimia, na mara nyingi omo ya merikebu ilichomoza nyuma yake. Omo hiyo haikuwa pambo. Nafaka iliyowalisha wakazi wa Roma ilitoka kwa wingi Misri na pwani ya Afrika ya Kaskazini, na merikebu zikichelewa kwa dhoruba, watu walijaa barabarani na Kaisari akakosa usingizi. Kila mara Annona alipotokea kwenye sarafu, alitangaza kwamba chakula kipo na kukumbusha kwamba kingeweza kukosekana. Kaisari Hadrian, aliyetumia miaka mingi ya utawala wake akizunguka majimbo, alitoa mfululizo wa sarafu zinazoyaonyesha majimbo hayo kama wanawake, kila mmoja na alama za nchi yake, na Afrika, jina lililomaanisha wakati huo eneo la Tunisia ya leo na jirani zake, alivaa ngozi ya kichwa cha tembo yenye mkonga na pembe, akashika nge mkononi, na miguuni pake kulikuwa na mavuno. Mjuzi wa sanaa anaweza kuisifu picha hiyo, lakini ukweli unabaki kwamba jimbo limeelezwa kwa yale ambayo Roma iliyahitaji kwake.

Mahali ambapo Roma ilishinda kwa mabavu, alama zilikuwa kali zaidi. Baada ya Yerusalemu kuanguka na hekalu lake kuchomwa mwaka 70, Kaisari Vespasian alitoa sarafu nyingi zenye mwanamke aliyeketi chini ya mtende, kichwa kimeinama kwa kilio, na maandishi yaliyosema kwamba Yudea imetekwa. Zilizunguka katika dola nzima, na Titus na Domitian, wanawe, waliendelea kuzitoa. Jibu lilikuja miaka sitini baadaye. Katika uasi wa Wayahudi wa mwaka 132 hadi 135, wafuasi wa kiongozi wao Bar Kokhba walikusanya sarafu za Kirumi zilizokuwa zikitumika na kuzigonga upya kwa mihuri yao, hivyo kwamba juu ya uso wa Kaisari zikaja nguzo za hekalu lililobomolewa, vichala vya zabibu, vinubi na maandishi ya Kiebrania yaliyotaja uhuru wa Israeli. Katika baadhi ya vipande vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, mabaki ya pua au ya herufi za Kilatini bado yanaonekana chini ya nguzo.

Swali la kama mtu wa kawaida alizitazama picha hizi limewagawa wanahistoria. A.H.M. Jones, mwanahistoria Mwingereza, aliandika mwaka 1956 kwamba kuzisoma sarafu kama tangazo la serikali kwa umma ni kuzipa uzito usiokuwa wake, akizifananisha na stempu za barua ambazo watu huzibandika bila kuzitazama. Hoja yake ina uzito kwa upande wa mkulima wa mbali. Hata hivyo waliochagua sura hizo waliamini kwamba kuna anayetazama, la sivyo Kaisari mpya asingeharakisha kupeleka uso wake katika karakana za kufulia sarafu ndani ya siku chache za kutawazwa, na waasi wasingefanya vivyo hivyo. Cassius Dio, aliyeandika historia ya Roma katika karne ya tatu, aliiona sarafu ya majambia ya Brutus kuwa jambo la kutajwa na kufafanuliwa, karibu miaka 250 baada ya kutolewa.

Kilicho wazi zaidi ni kwamba picha ya upande wa nyuma mara nyingi ilikuwa dua iliyovaa vazi la taarifa. Mwaka 202 Caracalla, kijana wa Kaisari Septimius Severus, aliozwa Plautilla kwa amri ya baba yake, na sarafu zikawaonyesha wameshikana mikono, ishara ya kawaida ya maelewano, pamoja na maneno ya kutakia heri ndoa na uzao wa kifalme. Dio anaeleza kwamba kijana huyo alimchukia mkewe. Plautilla alipelekwa uhamishoni mwaka 205, na Caracalla aliposhika utawala peke yake akaamuru auawe. Vivyo hivyo katika karne ya tatu, wakati makaisari walipokuwa wakiuawa na askari wao wenyewe mmoja baada ya mwingine, ndipo sarafu zilipojaa maneno ya kusifu uaminifu wa majeshi na umoja wa askari. Msomaji wa historia hiyo hujifunza haraka kwamba sifa ikirudiwa mno kwenye fedha, basi ndiyo iliyokuwa adimu.

Metali nayo ilisema lake. Dinari ya Augustus ilikuwa karibu fedha tupu, lakini Nero aliipunguza mwaka 64, na waliomfuata wakaendelea kuchanganya shaba, hata kufikia mwaka 270 sarafu iliyochukua nafasi yake ilikuwa na fedha chini ya sehemu tano katika mia, ikiwa imeoshwa juu ili ing’ae. Kaisari aliyekuwa juu yake alivaa taji la miali ya jua, alama ya mwanga usiozimika. Katikati ya kushuka huko, mwaka 248, Philip, Kaisari aliyetoka jimbo la Arabuni, aliadhimisha miaka elfu moja tangu Roma ianzishwe, na sarafu za sherehe hizo ni kama orodha ya wanyama waliopelekwa uwanjani: simba, paa, kulungu, na kiboko aliyewekwa nyuma ya sura ya mkewe Otacilia Severa, pamoja na mbwa mwitu jike akiwanyonyesha pacha Romulus na Remus waliosadikiwa kuuasisi mji. Mwaka uliofuata Philip aliuawa vitani na jeshi la mmoja wa majenerali wake.

Constantine anakumbukwa kama Kaisari aliyeugeuza utawala wa Roma kuelekea Ukristo, lakini anayetafuta mageuzi hayo kwenye sarafu zake atahitaji subira. Kwa miaka kadhaa baada ya ushindi wake wa mwaka 312 katika vita nje ya Roma, sarafu zake ziliendelea kumtaja Jua Lisiloshindwa kuwa mwandani wake. Herufi mbili za kwanza za jina Kristo kwa Kigiriki, zilizounganishwa kuwa alama moja, zilionekana mwaka 315 kwenye kofia ya vita ya Constantine katika kipande cha fedha cha heshima kilichofuliwa Italia, zikiwa ndogo kiasi cha kuhitaji jicho kali. Mwaka 327 alama hiyo ilitokea Konstantinopoli juu ya mlingoti wa bendera ya kijeshi unaomchoma nyoka. Askofu Eusebius, aliyeandika maisha ya Kaisari huyo, alisisitiza kwamba Constantine aliagiza achorwe kwenye dhahabu macho yakitazama juu kama mwenye kusali, ingawa mkao huohuo ulikuwa umetumiwa zamani na wafalme wa Kigiriki. Baada ya kifo chake mwaka 337 wanawe walitoa sarafu inayomwonyesha akipaa katika gari la farasi wanne, kama makaisari wa kale waliofanywa miungu, ila sasa mkono unatoka mbinguni kumpokea. Mpagani angeona jambo alilolizoea, na Mkristo angeona mkono wa Mungu, na yumkini utata huo ulikusudiwa.

Katika Afrika ya Mashariki ufalme wa Aksum, uliokuwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea za leo, uliyafanya mageuzi hayohayo kwa haraka zaidi. Wafalme wake walianza kufua sarafu za dhahabu, fedha na shaba mwishoni mwa karne ya tatu, kichwa cha mfalme kikizungukwa na masuke mawili ya nafaka na juu yake pakiwa na hilali na duara, alama za dini ya kale. Mfalme Ezana alipoupokea Ukristo katika karne ya nne, hilali iliondolewa na msalaba ukawekwa mahali pake, juu kabisa, wazi, katika kipindi ambacho sarafu za Roma bado zilikuwa zikificha alama ya Kristo pembeni. Sarafu hizo za Aksum ni miongoni mwa za kwanza duniani kuupa msalaba nafasi hiyo.

Huko Konstantinopoli, alama za kale hazikufutwa bali zilibadilishiwa mwenyewe. Mfano ulio bora ni Ushindi, yule mwanamke mwenye mabawa aliyeonekana nyuma ya sarafu tangu siku za jamhuri akibeba taji la majani na tawi la mtende. Katika karne ya tano alianza kushika msalaba mrefu badala ya tawi. Karibu na mwaka 520, chini ya Justin wa Kwanza, alipoteza umbo la kike, vazi lake likabadilika, naye akawa malaika wa kiume anayemtazama mtu uso kwa uso, mkono mmoja ukiwa na msalaba na mwingine tufe, mpira uliomaanisha ulimwengu mzima. Mabawa yalibaki yaleyale. Tufe nalo lilikuwa limeshikwa na makaisari wapagani kwa karne nyingi, na wakati fulani Ushindi mdogo alisimama juu yake; Wabizanti walimwondoa wakachomeka msalaba, na kifaa hicho kikaendelea kutumika katika kutawaza wafalme wa Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Uso wa Kaisari wenyewe uligeuka. Warumi walikuwa wamezoea sura ya ubavuni, ambayo huonyesha pua, kidevu na makunyanzi ya mtu fulani kiasi kwamba Nero hawezi kuchanganywa na Vespasian. Mwaka 538 Justinian wa Kwanza aliweka kwenye sarafu kubwa ya shaba, iitwayo foli, uso unaotazama mbele moja kwa moja, na hapo ufanano wa mtu binafsi ulianza kutoweka. Kilichobaki ni cheo: taji lenye vito vinavyoning’inia, ngao, tufe na macho makubwa. Wapo wanaoyaita mabadiliko hayo kuporomoka kwa sanaa, hukumu ambayo ni ya haraka, kwa kuwa wachongaji wa Konstantinopoli hawakukusudia tena kumwonyesha mtu wa siku hiyo, walikusudia kuuonyesha utawala ambao watu hupita ndani yake. Foli hiyo ilikuwa na herufi M kubwa upande wa nyuma, ambayo kwa Kigiriki ni arobaini, idadi ya sarafu ndogo zilizolingana nayo, na chini ya Tiberius wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 578, sarafu ya dhahabu ilipata msalaba uliosimama juu ya ngazi, taswira inayohusishwa na msalaba wa vito uliosimikwa Golgotha, Yerusalemu.

Dhahabu hiyo, iitwayo solido, ilikuwa imeanzishwa na Constantine kwa uzito wa gramu nne na nusu hivi, sarafu 72 kwa ratili moja ya Kirumi, nayo iliheshimiwa mbali sana na bahari ya Roma. Cosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria katika karne ya sita ambaye baadaye aliandika kitabu cha jiografia, anasimulia mashindano ya maneno mbele ya mfalme wa Sri Lanka kati ya mfanyabiashara wa Kirumi na balozi wa Uajemi, kila mmoja akidai kwamba bwana wake ndiye mkuu. Mrumi alipendekeza mfalme azitazame sarafu za pande zote mbili, dhahabu ya Roma na fedha ya Uajemi, na mfalme, baada ya kuzigeuza mkononi, akaamua kwamba watu wenye sura safi namna hiyo ndio wakubwa. Msimulizi ni Mrumi, bila shaka, na kisa kingesimuliwa vingine mjini Ctesiphon, makao ya mfalme wa Uajemi.

Badiliko lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuja chini ya Justinian wa Pili, katika miaka ya 690. Alichukua upande wa mbele, ambao ulikuwa wa Kaisari tangu Augustus, akaweka uso wa Kristo mwenye nywele ndefu na ndevu, mkono ukibariki, pamoja na maandishi yaliyomwita mfalme wa wanaotawala. Yeye mwenyewe alihamia nyuma, akiwa amesimama na kushika msalaba, na maandishi yakamtaja kuwa mtumishi wa Kristo. Unyenyekevu huo ulikuwa na faida yake, kwa kuwa mtumishi wa mfalme wa mbinguni hawezi kuhojiwa kwa urahisi na watu wa duniani, ingawa haukumkinga: mwaka 695 alipinduliwa na kukatwa pua.

Wakati huohuo, mjini Dameski, Khalifa Abd al-Malik alikuwa akikabiliana na swali lilelile kwa upande wa Uislamu. Waarabu walikuwa wamezirithi Sham na Misri pamoja na fedha zake, na sarafu zao za kwanza za dhahabu ziliiga solido, ila mti wa kupitisha wa msalaba uliondolewa na kuacha nguzo tupu juu ya ngazi. Baadaye ikatolewa dinari yenye khalifa aliyesimama na upanga, kisha mnamo mwaka 77 wa Hijra, yaani 696 au 697, picha zote zikaondolewa na pande zote mbili zikajazwa shahada na maneno ya Qur’ani. Upande wa mbele haukuwa na uso wa mtu wala wa Mungu, ulikuwa na neno. Mtindo huo ulienea hadi pwani ya Afrika ya Mashariki: sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hazina picha, upande mmoja una jina la sultani na wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimetungwa kwa vina ili zisomeke pamoja.

Bizanti yenyewe ilitikiswa na ugomvi wa picha. Kuanzia zama za Leo wa Tatu, katika karne ya nane, watawala kadhaa waliona kuziheshimu picha takatifu kuwa ni kuabudu sanamu, na Kristo hakuonekana kwenye sarafu kwa zaidi ya karne moja tangu Justinian wa Pili. Mahali pake walikaa jamaa za Kaisari: baba mbele, mwana nyuma, wakati mwingine hata babu aliyekwisha kufa. Leo alianzisha pia sarafu pana na nyembamba ya fedha isiyo na uso wowote, yenye msalaba upande mmoja na mistari ya maandishi upande wa pili, iliyofanana sana na dirhamu ya Waislamu, na baadhi ya vipande viligongwa juu ya dirhamu zenyewe. Irene, mwanamke aliyetawala peke yake kuanzia mwaka 797 hadi 802 baada ya mwanawe kupofushwa, alilimaliza swali la nani akae mbele kwa kuweka sura yake pande zote mbili. Picha ziliporudishwa kanisani mwaka 843, karakana ya Konstantinopoli ilichukua sura ya Kristo ya Justinian wa Pili na kuinakili.

Tangu hapo Kristo hakuondoka. Kuanzia karibu mwaka 970, foli za shaba hazikuwa hata na jina la Kaisari: mbele palikuwa na uso wa Kristo, na nyuma maneno ya kumtaja mfalme wa wafalme, na hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka mia moja. Desturi hiyo inaeleza kwa nini Isaac Komnenos, jenerali aliyetwaa utawala mwaka 1057, aliwachukiza watu alipojionyesha kwenye dhahabu akiwa na upanga uliochomolewa alani. Waandishi wa wakati wake walielewa kwamba anadai kuupata ufalme kwa nguvu zake, si kwa Mungu. Waliomtangulia wengi waliupata kwa njia hiyohiyo, lakini hawakuichora. Lililopita bila kelele nyingi ni kwamba dhahabu yenyewe ilikuwa imeanza kuchanganywa, na katika miongo iliyofuata Kristo alibaki mbele na mkono wake wa baraka huku metali iliyombeba ikififia, mpaka Alexios wa Kwanza alipoleta sarafu mpya mwaka 1092.

Baada ya Konstantinopoli kutekwa na wapiganaji wa Vita vya Msalaba mwaka 1204 na kukombolewa mwaka 1261, Michael wa Nane alimweka Bikira Maria mbele, mikono imeinuliwa kwa sala, akizungukwa na kuta na minara ya mji. Nyuma, Kaisari alipiga magoti mbele ya Kristo, na ni mara chache mtawala wa Roma amechorwa chini kiasi hicho. Mwaka 1284 Venice ilianza kufua dukati yake, yenye mtawala wa mji huo akipiga magoti mbele ya Marko Mtakatifu na Kristo upande wa pili, na katika karne iliyofuata dhahabu hiyo ya kigeni ndiyo iliyotumika hata ndani ya Konstantinopoli, kwa kuwa Bizanti iliacha kufua ya kwake katika miaka ya 1350.

Katika mzingiro wa mwaka 1453, Constantine wa Kumi na Moja alikuwa na askari na mafundi wa kuta wa kuwalipa, lakini hakuwa na hazina. Kwa mujibu wa Leonard wa Chios, askofu mkuu aliyekuwa ndani ya mji, vyombo vitakatifu vya makanisa vilichukuliwa na kuyeyushwa kuwa fedha. Sarafu zinazojulikana za Kaisari huyo ni vipande vidogo vya fedha vilivyokatwa kwa haraka, uso wa Kristo ukiwa mbele na wa Kaisari nyuma. Mehmed wa Pili, aliyeuteka mji huo, alianza kufua dhahabu yake mwaka 1477 au 1478 kwa uzito wa dukati ya Venice, na pande zake zote mbili zilikuwa na maandishi matupu, jina la sultani likiwa mbele.